Kung'atuka na kubwagwa: uchaguzi wa Virginia 2017 nilivyouona toka kwenye foleni

Mwaka 2017 mi nilikuwa naishi Manassas Park, Virginia, na kibarua changu kilikuwa ghala moja upande wa Dulles, kwa hiyo kila asubuhi ya Mungu nilikuwa ndani ya Route 28. Ambao hamjawahi kuipita hiyo barabara asubuhi sijui niwaeleze vipi. Taa nyekundu, unasogea urefu wa magari matatu, taa nyekundu tena, unamwangalia dereva wa pembeni na yeye anakuangalia, mpaka mnazoeana sura. Nilikuwa nashea gari na mama mmoja Mkongo, mtu mzima, namwita Mama tu na yeye ananiita mtoto wangu, sasa mwezi wa tisa hivi akanionyesha kibango cha uchaguzi kimechomekwa kwenye majani pembeni ya barabara.

"Huyu anasema atatengeneza hii njia."

Nikamwambia Mama, wanasiasa wote wanasema.

"Hapana mtoto wangu, wengine wanasema mambo mengi. Huyu anasema njia tu."

Huyo alikuwa Danica Roem wa chama cha Democrat, mwandishi wa habari wa magazeti ya hapo hapo, anagombea kiti cha bunge la jimbo, na aliyekuwa anamkabili ni Bob Marshall, Mrepublican aliyekaa kwenye kile kiti tangu 1992, vipindi 13. Kumi na tatu! Huko kipindi ni miaka miwili miwili na uchaguzi wa bunge la jimbo unafanyika miaka ya witiri, ndo maana watu wengi wanaojua uchaguzi wa rais tu hawana hata habari kwamba upo. (Halafu msichanganye, huku jimbo ni Virginia nzima, kile sisi tunachokiita jimbo la uchaguzi wenyewe wanakiita wilaya. Marshall alikuwa wilaya ya 13. Vipindi 13 wilaya ya 13, haya.)

Kilichonifanya niuandike huu uchaguzi leo, miaka yote hii imepita, ni kwamba juzi nilikuwa nabishana na jamaa mmoja kuhusu wabunge wanaoangushwa, yeye anadai mbunge akiangushwa basi wananchi walimchoka, mi nikasema si lazima, na mfano wangu ukawa Virginia.

Hebu tuangalie namba kidogo tu. Baraza la chini la bunge la Virginia lina viti 100. Kabla ya tarehe 7 Novemba 2017 Warepublican walikuwa 66 na Wademocrat 34, yaani hakuna mtu mwenye akili timamu aliyekuwa anaongelea kugeuza lile baraza. Mwaka mmoja kabla Hillary Clinton alikuwa amemshinda Trump ndani ya Virginia, na ukizipanga zile kura wilaya kwa wilaya unakuta wilaya 17 alizoshinda yeye zilikuwa zinashikiliwa na wabunge wa Republican. Kumi na saba! Wapiga kura wako walishahamia chama kingine mwaka mzima nyuma na wewe bado umekaa kitini unakunywa chai. Kwa nini? Kwa sababu miaka mingi vile viti vingi vilikuwa havigombewi kabisa, upinzani haupeleki mtu, karatasi ya kura ina jina moja. Mwaka 2017 Wademocrat wakapeleka wagombea kwenye viti 88, wengi ni watu ambao hawajawahi kugombea hata ukatibu wa kikundi.

Sasa katika wale Warepublican waliokuwa ndani, wapo waliosoma mawingu mapema. Spika mwenyewe, Bill Howell, Spika tangu 2003 na mbunge wa eneo la Stafford na Fredericksburg kwa karibu miaka 30, akatangaza mapema mwaka ule kwamba hagombei. Dave Albo wa Fairfax naye, miaka 24 bungeni, akasema inatosha. Wakaondoka na akina Jimmie Massie na Mark Dudenhefer. Waswahili tuna neno letu zuri kwa hili, kung'atuka, na lina heshima yake: unainuka mwenyewe kabla hujainuliwa. Ila angalia kilichotokea nyuma yao. Kiti cha Albo kikaenda kwa Kathy Tran, mama aliyeletwa Marekani akiwa mtoto mchanga, familia yake wakimbizi toka Vietnam. Cha Massie na cha Dudenhefer navyo vikaenda kwa Wademocrat. Kwa hiyo mzee unaondoka na heshima zako, unapewa na ngao ya kumbukumbu, lakini kiti umekiachia upande wa pili. Chama chako kikilalamika wewe uko zako kwenye kochi.

Kiti cha Howell ndo kilikuwa kisanga. Mrepublican Bob Thomas alimshinda Joshua Cole kwa kura 73 baada ya kuhesabu upya, na ikagundulika wapiga kura 147 walipewa karatasi za wilaya isiyo yao. Soma tena hizo namba mbili, 73 na 147. Wakaenda mahakamani, jaji wa serikali kuu akakataa kuamuru uchaguzi urudiwe, Thomas akaapishwa. Hakudumu. Baada ya kipindi kimoja chama chake mwenyewe kikamtosa kwenye kura za maoni za 2019, na Novemba hiyo Cole akakichukua kiti.

Halafu wapo waliobaki kitini kusubiri mvua, na mvua ikaja kweli, ile Jumanne ilinyesha toka asubuhi. Mama alikuwa raia tayari, mi nilikuwa na grinikadi tu, kwa hiyo yeye akaingia kupiga kura mi nikabaki kwenye gari nimewasha hita. Akarudi kalowa viatu, akafunga mlango, akasema "nimeisha" na hakuongeza neno.

Usiku ule wabunge 12 waliokuwa wanatetea viti vyao wakabwagwa. Ongeza vile vitatu vya waliong'atuka, jumla viti 15. Marshall akaenda, na Roem akawa mtu wa kwanza aliyebadili jinsia akiwa wazi kuhusu hilo kuchaguliwa na kuapishwa kwenye bunge la jimbo lolote Marekani. Marshall ndo yule aliyeleta mswada wa kuwabana watu kama Roem kuhusu vyoo vya kutumia, na kwenye kampeni alikataa hata kufanya naye mdahalo. Mtu akisimulia hii stori nje ya Virginia anaisimulia kama vita ya hayo mambo tu. Mi niliyekuwa nakaa pale nawaambia kwa sehemu kubwa ilikuwa foleni, mama wangu wa Kikongo ni mtu wa kanisani Jumapili hadi Jumapili, ungemuuliza hayo mambo mengine angekupa jibu ambalo huenda Marshall mwenyewe angelipigia makofi. Lakini alichoka kuamka saa kumi alfajiri.

Ukivuka tu toka Manassas Park kuingia Manassas mjini unakuwa wilaya ya 50, na huko akaanguka Jackson Miller, ambaye hakuwa mbunge wa nyuma nyuma, alikuwa mnadhimu wa chama chake bungeni. Aliyemwangusha ni Lee Carter, mwanajeshi wa zamani wa majini aliyepigwa shoti ya umeme kazini, akahangaishwa na mfumo wa fidia mpaka akaamua kugombea, na akajiita msoshalisti hadharani, Virginia hiyo hiyo. Ila Miller mbona alishaonywa? Mwezi wa nne mwaka ule ule aligombea ukarani wa mahakama wa Prince William kwenye uchaguzi mdogo, akashindwa. Mtu umeshapigwa mwezi wa nne nyumbani kwako, mwezi wa kumi na moja unarudi watu wale wale. Sijui alikuwa anaangalia nini. Labda na mimi ningerudi, ukishakaa kitini muda mrefu nadhani unaanza kuona kiti ni sehemu ya mwili.

Wengine nawataja haraka tu: Scott Lingamfelter na Rich Anderson, wote wa Prince William, wakaondolewa na Elizabeth Guzman na Hala Ayala, wanawake wa kwanza wenye asili ya Latino kuingia lile baraza. Kule kusini magharibi Joseph Yost, kijana tu, akaangushwa na Chris Hurst, mtangazaji wa televisheni ambaye mpenzi wake, mwandishi wa habari Alison Parker, aliuawa kwa risasi akiwa hewani mwaka 2015. Tim Hugo wa Fairfax aliponea chupuchupu, kama kura mia moja hivi, na 2019 hakupona.

Hapo ndo hoja yangu kwa yule jamaa. Yost hakufanya baya lolote kubwa, na Anderson alikuwa mtu wa watu kweli, baadaye akawa hata mwenyekiti wa chama chake Virginia nzima. Hawakuchokwa wao. Walikuwa wamesimama kwenye ardhi iliyohama chini ya miguu, na safari hii akatokea mtu wa kusimama mbele yao.

Sasa njoo kwa David Yancey, Newport News, wilaya ya 94. Huyu sijui umuweke kundi gani. Hesabu ya kwanza alikuwa anaongoza kwa kura 10 dhidi ya Shelly Simonds. Desemba wakahesabu upya, Simonds akawa mbele kwa kura moja, 11,608 kwa 11,607, ikatangazwa, watu wakashangilia. Kura moja hiyo ilimaanisha baraza 50 kwa 50, hakuna mwenye wingi, Spika wa kugombania. Kesho yake majaji watatu wakaletewa karatasi moja iliyokuwa imewekwa pembeni: mpiga kura kajaza kaduara ka Yancey, kajaza na ka Simonds, alafu kwenye ka Simonds kapitisha mstari. Huyu mtu alimtaka nani? Majaji wakasema Yancey. 11,608 kwa 11,608.

Sheria ya Virginia inasema zikilingana mnachezesha bahati nasibu. Siyo utani. Tarehe 4 Januari 2018 pale Richmond wakaandika majina mawili kwenye vikaratasi, kila kikaratasi kikaingia kwenye kikopo cha mkanda wa kamera, vile vidogo vya enzi za picha za kuosha, vikopo vikaingia kwenye bakuli la bluu la udongo. Mi nilikuwa breki ghalani, nimeegemeza simu kwenye chupa ya maji, tumejazana wanne, mmoja hata hajui ni uchaguzi gani anauliza wanagawa nini. Mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi akazamisha mkono, akatoa kikopo, akafungua, akasoma: David Yancey. Warepublican 51, Wademocrat 49, Kirk Cox akawa Spika, na nchi yenye kompyuta kila mahali ikawa imeamua nani ashike baraza la jimbo kwa bakuli.

Ila hata 51 hao hawakuwa tena 66, waliona wenzao walivyoanguka. Mei 2018 baraza lile lile lililokuwa limegoma miaka na miaka kupanua Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, likapitisha kwa 67 dhidi ya 31, watu wapatao laki nne wakaweza kupata bima kuanzia Januari 2019. Mama wangu wa Kikongo ana binti aliyeingia humo, kwa hiyo mtu akiniambia wabunge wa jimbo hawana kazi, ambao wakati ule walikuwa wanalipwa dola 17,640 kwa mwaka na wanakaa vikao miezi michache, mi huwa namuuliza kama ana muda.

Mwaka 2019 Yancey na Simonds wakarudiana. Bakuli halikuhitajika, Simonds alishinda wazi, na Wademocrat wakachukua baraza kwa 55. Mi mwaka ule ndo nilikuwa nimeapa uraia, kura yangu ya kwanza. Kwenye kibanda nikajaza kaduara polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, kalamu ikateleza kidogo ikatoka nje ya mstari, moyo ukapiga paa, nikamkumbuka yule mtu wa Newport News. Nikaenda kuomba karatasi nyingine. Yule mama wa mezani akaiangalia akasema mbona hii haina shida, nikamwambia naomba tu nyingine tafadhali.