Chatu wa mpwa wangu

Jana usiku, nikiwa barazani kwetu hapa Malindi, mpwa wangu anayeishi Marekani alinipigia simu ya video akanionyesha chumba kilichojaa visanduku vya plastiki, kila kimoja kikiwa na chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejiviringa kama mpira akiogopa. Mama, aliyekuwa akikuna nazi kando yangu, aliinuka na mbuzi yake akaingia ndani bila kusema neno.

Biashara hii aliianza wakati wa korona, bei zilipokuwa juu, kwa fedha ambazo sehemu yake nilimkopesha mimi. Kwa hiyo hesabu zake zinanihusu. Chatu albino, waliouzwa kwa maelfu ya dola walipoanza kuzalishwa miaka ya 1990, leo hupatikana kwa dola 200 au chini ya hapo, kwa kuwa jike hutaga mayai 6 hivi kwa mkupuo, dume mmoja hutosha majike kadhaa, na karibu kila aliyenunua jozi amegeuka mfugaji. Wale wa rangi ya kawaida ndio hawauziki kwa urahisi, ilhali wanaweza kuishi miaka 30 wakila panya wa kununuliwa.

Alipotania kwamba ataniletea wachache, nilimkumbusha kuwa Kenya hafugwi nyoka bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori.

Nilimuuliza kwa nini basi amewapandisha tena msimu huu. Alijibu kuwa huenda akatoka mwenye madoa mapya, kisha akasogeza simu kwenye yai lililokuwa limepasuka. Kichwa kidogo kilichungulia, cha kahawia, cha kawaida kabisa.