Haya

Tangu Jumamosi nina neno moja kichwani, na wala si neno kubwa. "Haya." Baba kalisema, kaokota bakora yake ukutani, kaenda zake. Mimi nikabaki nimeinama juu ya shimo la msingi wa mnara na pimamaji mkononi, kama mtu aliyeangusha pete.

Mnara wenyewe ni wa antena ya redio yangu ya ridhaa, hapa nyumbani Lamu. Barua ya urefu ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilishatoka (uwanja wa Manda uko hapo ng'ambo ya maji, mtu hainui chuma angani hivihivi tu), leseni ya redio nimeihuisha, na 5Z4 yangu, jina langu la hewani, ingali hai. Shimo lilitula wiki mbili kwa sababu ya matumbawe: mita 1.2 kwa 1.2, kwenda chini mita 1.5. Mnara ni mita 12, miguu mitatu, unasimama peke yake bila kamba. Hilo la kamba lishikeni, ndilo lililonitia mashakani.

Hapa kwetu Wiyoni hakuna lori la zege litakalopenya vichochoro. Mchanga wa Shela haugusiki, ndio unaotuhifadhia maji ya kunywa. Wa ufuoni nao una chumvi, na chumvi huila nondo kimyakimya ndani ya zege hadi siku litakapopasuka. Basi mchanga na kokoto vikatoka bara, vikavuka kwa mashua, vikapandishwa kwa magunia juu ya punda. Nilihesabu safari za punda hadi nikachoka. Hata maji hatukuteka kisima cha uani, kile cha chumvichumvi. Tulijaza madumu bombani toka usiku.

Mifuko 14 ya simiti, moja kwa mbili kwa nne: simiti, mchanga, kokoto. Fundi hupenda zege la majimaji kwa sababu lateremka lenyewe. Mimi nalitaka zito, maana kila kopo la ziada linapunguza nguvu. Tulibishana kwa adabu mpaka mfuko wa tatu, kisha akaniachia. Jambo tulilokubaliana ni moja: tukianza hatusimami. Ukimwaga nusu, ukala wali, ukarudi kumwaga nusu ya pili, umejenga mawe mawili yaliyolaliana. Vijana wakapokezana makarai, mmoja akawa anashindilia kwa kipande cha nondo kutoa hewa.

Juu ya shimo tulikuwa tumelaza ubao wa plaiwudi wenye matundu 12, umeshika boliti 12, nne za kila mguu. Boliti zile nilizipaka girisi na kuzifunga nailoni mwenyewe usiku wa Ijumaa, simiti isiingie kwenye meno. Ubao ukihama kabla zege halijashika, kazi yote imehama nao. Kwa hiyo nilikuwa nimeinama, natazama lile povu dogo la pimamaji, sipumui.

Hapo ndipo Baba, aliyekuwa kaketi chini ya mwarobaini tangu alfajiri bila neno, aliposema:

"Mlongoti haushikwi na nti. Washikwa na kamba."

Na mimi, bila kuinua kichwa:

"Baba, hili si jahazi."

Vijana wakacheka. Si sana. Ila walicheka.

"Haya."

Kiswahili nacho kina ukorofi wake: neno lilelile la kukubali ndilo la kuona aibu. La kwanza alilichukua yeye akaenda nalo, la pili akaniachia mimi.

Nimelijibu tena na tena swali ambalo wala hakuliuliza. Ningesema: Baba, ni kweli, mnara wa kamba ndivyo ulivyo, chini hubeba uzito tu, na upepo hubebwa na kamba. Lakini kamba zangu zingeshukia wapi? Moja kwa jirani kwenye kuku wake, ya pili njiani shingoni mwa punda, ya tatu baharini. Ndiyo maana nimechagua uzito. Kusi likisukuma antena kule juu, mnara unataka kupinduka, na zege la tani tano na kitu linakataa, likisaidiwa na udongo wa ubavuni. Dakika mbili zingetosha. Dakika mbili, kwa mtu aliyehamisha kamba za mlongoti upande wa upepo kila tanga lilipogeuzwa, usiku, mvua inanyesha, mabaharia wanamtazama yeye.

Na kibaya zaidi, ningelimjibu hivyo mtu baki. Wale ninaoongea nao redioni, kwenye mawimbi ya mita 20, watu nisiowaona, nawaeleza kila kitu, hata urefu wa waya.

Wiki ikapita. Binti wa Ami kaolewa, ofisini tumeletewa mkubwa mpya, stima ikakatika siku mbili. Mimi asubuhi na jioni namwagia magunia maji juu ya zege na kumtazama Baba kwa pembe ya jicho. Salamu tunapeana. Chai tunakunywa.

Alhamisi baada ya Alasiri akaja uani na bakora yake.

"Halijakauka tu?"

"Halikauki, Baba. Likikauka mapema laharibika. Simiti inashikana kwa maji, ndiyo maana nalinywesha. Siku 28 ndipo nisimamishe mnara."

"Basi lanywa."

"Lanywa."

Akacheka kidogo, kicheko cha puani. Akazitazama boliti. "Na hizi mbona umezifunga kama vidole vya mgonjwa?" Nikamwambia habari za girisi na nailoni, polepole, hadi mwisho. Akasikiliza. Halafu akachuchumaa, kwa tabu, mkono mmoja juu ya bega langu, akafumba jicho moja na kutazama usawa wa vichwa vya boliti, kama atazamavyo omo, kule mbele ya jahazi.

"Upande wa Manda umezama."

Nikaleta pimamaji, nikalilaza juu ya boliti mbili, kisha mbili nyingine. Povu limesogea. Kidogo mno, unene wa ukucha, lakini limesogea. Labda guu la mtu lilipokanyaga ubao, labda wakati ule wa kicheko. Mwenyewe nilikuwa nimeinama pale pale na sikuliona.

"Tutasawazisha kwa nati za chini ya kitako cha mnara," nikasema. "Zina nafasi. Na siku ya kusimamisha, wewe ndiye utakayetazama usawa. Mimi nakaza."

Akanyamaza. Akatafuta bakora, nikampa.

"Haya," kasema.

Nimeandika haya usiku, magunia nimeshayalowesha. Sasa mawazo yamehamia kwingine: mdogo wangu wa Doha hajapiga simu tangu Jumapili, na Mama ameshauliza mara mbili. Nimemwambia labda zamu zimebadilika. Mimi pia sijui.