iPod ya 2005 na kanda za taarab za baba mkubwa: mradi umefika wapi

Kwa wanaoufuatilia mradi huu wa kufufua iPod, kile kicheza muziki cha mfukoni cha Apple, ili baba mkubwa asikilize kanda zake: iPod inawaka, inacheza, na kanda za taarab nilizozihamishia kwenye kompyuta sasa zimo ndani yake. Kilichobaki ni tundu la hedifoni, nitalifikia baadaye. Leo naandika zaidi kuhusu nini kinasoma nini, kwa sababu ndiko kazi ilikolala, na ndilo swali ninaloulizwa kila ninapokitoa kifaa hiki mfukoni.

Ni iPod ya kizazi cha 5, ile ya GB 30 iliyotoka Oktoba 2005, yenye kioo cha inchi 2.5. Nimeitaka hii hasa. Haihitaji intaneti, simu haikatizi wimbo wa robo saa ukiwa umefika pazuri, na diski yake imeungwa kwenye bodi kwa fleksi, yaani waya bapa, ya aina ya ZIF, kwa hiyo unaweza kuitoa na kuweka adapta ya kadi ya memori mahali pake. Toka mwanzo nimejiwekea sharti moja: kifaa ndicho kizifuate kanda, si kanda kukatwakatwa ili zikifuate kifaa. Sharti hilo limeamua karibu kila kitu kilichofuata.

Diski ya zamani ilikuwa inagonga ndani, kisha kioo kinaonyesha picha ya folda yenye alama ya mshangao. Wengi wakiona hivyo huagiza diski moja kwa moja. Subiri kwanza, kifaa chenyewe kina sehemu ya kujipima. Bonyeza Menu na kitufe cha kati kwa pamoja mpaka nembo ya Apple itokee, halafu papo hapo shika kitufe cha kati pamoja na cha kurudisha nyuma. Itafunguka menyu ya maandishi matupu. Ingia IO, kisha HardDrive, kisha SMART. Tazama mistari miwili, Reallocs na Pending Sectors. Ikiwa iko sifuri au karibu na hapo, huenda fleksi tu imelegea, ifungue uikaze upya. Yangu ilikuwa imepanda sana, na kwa diski ya namna hiyo hakuna dawa.

Ukishika kitufe cha kati pamoja na Play badala ya kurudisha nyuma, unaingia hali ya diski. Kompyuta inakiona kifaa hata kama programu yake ya ndani imeharibika. Ikiwa hata hapo kompyuta haioni kitu, badilisha waya kabla ya kulaumu bodi. Waya nyingi za pini 30 zinazouzwa siku hizi zinachaji tu, hazina nyuzi za kupitisha data. Na FireWire, njia ya zamani ya kuunganisha kifaa na kompyuta, usihangaike nayo: kuanzia kizazi hiki inachaji, haipitishi nyimbo.

Kuhusu kadi nina neno zito. Madukani na barabarani zimejaa kadi zilizoandikwa ukubwa ambao hazina. Kadi ya GB 16 inapakwa chapa ya GB 256, na ukiichomeka kompyuta inakubali uongo huo, kwa sababu kidhibiti cha ndani kimechezewa kidanganye. Unakopi nyimbo, majina yote yanaonekana, lakini zilizopita ukubwa halisi hazichezi, au zimeandikwa juu ya zile za mwanzo. Mtu anaishia kuilaumu iPod bure. Ijaze kadi yote kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac, kisha iisome tena yote. Inachukua saa nyingi, iache usiku kucha. Kadi yangu ya GB 128 ilipita ndipo nikaiweka kwenye adapta.

Sasa muundo wa kadi, yaani namna faili zinavyopangwa ndani yake. iPod ikirejeshwa upya kwa iTunes, programu ya kompyuta ya Apple, kwenye Windows inafomatiwa FAT32. Ikirejeshwa kwenye Mac inakuwa HFS+. Kwa programu ya Apple iliyomo ndani ya iPod zote mbili ni sawa, lakini mimi nilitaka kuweka Rockbox, programu mbadala ya kuendesha kifaa, nayo HFS+ haiisomi kabisa. Basi kama yako imetoka kwa mtu wa Mac, irejeshe kwanza kwenye Windows, ndipo uendelee. exFAT, muundo wa kadi kubwa, haikuhusu hapa, maana iTunes inaipanga kadi upya yenyewe.

exFAT inawahusu wenye vifaa vyenye tundu la kadi. Binamu yangu aliyeko Muscat ana Sansa Clip+ ya 2009, kidude kidogo imara sana, ambacho kiliandikwa kinapokea kadi mpaka GB 32. Alichomeka ya 64 haikusomwa, akadhani kifaa kimefika kikomo. Kadi za kuanzia GB 64 zinatoka kiwandani zikiwa exFAT, hicho ndicho kilichokataliwa, si ukubwa. Alipoifomati FAT32 ikasomwa. Ugumu ni kwamba dirisha la kawaida la kufomati kwenye Windows lilikuwa halikubali FAT32 zaidi ya GB 32, kwa hiyo tumia GParted au programu nyingine ya kazi hiyo. Kikomo cha kukumbuka kwenye FAT32 ni faili moja kutozidi GB 4, na upande mzima wa kanda ya C90, yaani dakika 45, ukiwa WAV ya ubora wa CD ni kama MB 475 tu.

Swali linalorudi kuliko yote: "Nimekopi nyimbo, kwa nini hazionekani?" Programu ya Apple haisomi folda zako. Inasoma orodha yake iitwayo iTunesDB, ambayo iTunes ndiyo huiandika. Nyimbo zenyewe zimefichwa ndani ya iPod_Control, folda ya Music, kwenye vijifolda F00, F01 na kuendelea, kila moja imebatizwa herufi nne zisizo na maana. Ukidondosha faili zako kandokando zinakula nafasi tu. Kwa upande mwingine, ukinunua iPod iliyotumika ukataka kuokoa nyimbo zilizomo, washa kuonyesha faili zilizofichwa uzikopi. Majina ya faili ni ovyo, lakini lebo za ndani, yaani mwimbaji na jina la wimbo, zipo salama.

Hapo ndipo Rockbox iliponivutia. Ni programu huria iliyoanza 2001 kwa ajili ya vifaa vya Archos, na mpaka leo watu wanaiendeleza kwa kujitolea. Haifuti ya Apple: ukitaka kurudi kule, unaanzisha kifaa upya na papo hapo unasogeza swichi ya Hold. Kubwa kwangu ni kwamba inapita kwenye folda zilivyo. Baba mkubwa hasemi anataka wimbo wa fulani. Anasema, "Mwanangu, niwekee ile kanda ya kijani, upande wa pili." Kwa hiyo folda zangu ni kanda, na ndani yake kuna A na B, kama alivyozizoea yeye.

Kila upande nimeuacha faili moja ya FLAC, yaani sauti iliyobanwa bila kupoteza ubora, kwa sababu kwenye taarab kinanda na makofi vinaunganisha wimbo na wimbo, na ukikata unasikia jeraha. Ili kuruka wimbo hadi wimbo naandika faili la cue, maandishi ya kuonyesha kila wimbo unaanzia wapi, lenye jina lilelile la faili ya upande huo, na kwenye mipangilio nimewasha kusoma cue. Baba mkubwa akizima katikati, alamisho inamrudisha palepale.

Niliulizwa kwa nini FLAC na si MP3 au Opus, zinazobana zaidi kwa kupunguza ubora, kwani Opus ya kbps 96 ingeufanya upande mzima uwe kama MB 32. Kwa diski ya zamani ningekubali. iPod hii ya GB 30 ina MB 32 za RAM, na ilibuniwa ivute nyimbo kadhaa kwenye RAM kisha diski ilale. Faili la mamia ya MB lingeiamsha diski kila mara na kuimaliza betri. Kadi haina cha kuzungusha, hivyo gharama ile imeondoka. Tena kuifungua FLAC ni kazi nyepesi kwa prosesa kuliko Opus, na prosesa hii ni ya 2005. Jueni tu kwamba mvumo wa kanda haubaniki vizuri: rekodi chakavu hutoa FLAC kubwa kuliko rekodi safi.

Vinavyosomeka kwa kifupi: programu ya Apple inacheza MP3, AAC, ALAC, WAV na AIFF. FLAC, Ogg, Opus na WMA haiwezi. Rockbox inazicheza zote hizo. Jambo hili lina faida ya karibu, kwa sababu sauti zilizorekodiwa WhatsApp ni Opus, na nyumbani kwetu qasida nyingi zinazunguka kwa njia hiyo. Nazikopi zilivyo, zinalia. Kisichowezekana ni faili za m4p, zilizonunuliwa iTunes zikiwa na kufuli kabla Apple haijaliondoa kwenye muziki mwaka 2009. Video sijaigusa na sitaigusa.

Lebo zimenipa kazi ya kweli. Kikundi kilekile cha Unguja cha tangu 1905 kilikuwa kimeandikwa Ikhwani Safaa hapa, Akhwani Safaa pale, na kwingine bila a ya mwisho, kwa hiyo orodha ya waimbaji ilikipa milango mitatu. Nimesahihisha zote kwa programu ya kuhariri lebo kwenye kompyuta, kisha nikaiambia Rockbox ijenge orodha yake upya. Nyimbo za udi alizonitumia binamu zilikuja na alama za ajabu badala ya herufi za Kiarabu. Lebo zake ni za mtindo wa zamani wa ID3v1, zimeandikwa kwa CP1256, usimbaji wa zamani wa herufi za Kiarabu, na kifaa kilizisoma kama za Kilatini. Nilichagua CP1256 kwenye mipangilio, nikaweka fonti yenye Kiarabu, majina yakasomeka. ID3v1 ina nafasi ya herufi 30 tu kwa jina la wimbo, kwa hiyo yaliyokatika mkia nayaandika upya kwa mkono, kwa lebo za kisasa.

Ndani ya gari tumieni AUX. Redio nyingi za gari zikiona iPod yenye Rockbox kupitia USB huchanganyikiwa, kwani sehemu ya kwanza ya diski ni ya programu, si ya nyimbo. Bluetooth haimo, mwenye kuitaka achomeke kirushio kwenye tundu la hedifoni.

Tundu hilo ndilo linalobaki. Sikio la kushoto linapotea ukigusa plagi. Hedifoni nyingine zinafanya vilevile, na sauti inayotoka kwa waya wa pini 30 ni kamili pande zote mbili, kwa hiyo bodi ni nzima na ubovu uko kwenye tundu au fleksi yake. Fleksi hiyo ndiyo inayobeba pia swichi ya Hold, nayo imeungwa na mgongo wa chuma, basi kufungua kunataka subira: kipande cha plastiki pembeni, si bisibisi, na mgongo usiuvute kwa nguvu kabla ya kuachia fleksi ya betri. Kipuri kimeshaagizwa, cha iPod nyembamba ya GB 30, kwa kuwa cha ile nene ya GB 60 hakilingani. Kikifika nitakifunga, na betri nayo nitaibadilisha wakati huohuo, ili nisiufungue mgongo huu tena.