Imla ya Ramadhani

Juzi mjukuu wangu kaniuliza mbona nikimwita napiga makofi, na bibi za wenziwe huita kwa jina. Nikamwambia ale tende zake.

Ni mambo ya 2003. Karo ya shule za msingi ilifutwa Januari, na watoto wakamiminika. Darasa langu la nne lilijaa hadi wengine wakakalia dirisha. Asubuhi shule, jioni chuoni kusomesha Kurani, yote kwa koo hili hili. Ramadhani nayo ikaingia mwishoni mwa Oktoba: kutwa nzima napaaza sauti katika vumbi la chaki, na hata funda la maji hakuna.

Siku hiyo nasomesha imla. "Mvuvi alitweka..." Tanga halikutoka. Nikafungua kinywa tena, ukatoka upepo mtupu. Papo hapo, uchochoroni, punda akalia.

"Punda amsaidia mwalimu!" akasema mmoja wa nyuma.

Darasa likaangua kicheko. Nikataka kuwanyamazisha, kikatoka kimkwaruzo. Ndipo yule mtundu wangu, niliyekuwa nikimfokea kila siku, akainuka, akanichukulia kitabu mkononi na kuendelea: "Tanga. Nukta. Wewe wa dirishani, nitakuja hapo!" Maneno yangu, shingo kaikaza ninavyoikaza mimi. Na sauti ile! Nzito, imekwaruzika, inakatika mwisho wa sentensi. Wenziwe hawakucheka, waliandika. Kwao ndivyo mwalimu anavyosema, labda tangu mwanzo wa mwaka. Mimi nilidhani nimepwelewa na sauti asubuhi ile tu.

Mwalimu mkuu alisema ni saumu. Jirani akaniletea tangawizi na ndimu kila baada ya futari, Mungu amlipe. Idi ilipopita nikavuka kutoka kisiwani Lamu hadi Mokowe, bara, nikapanda basi la Mombasa.

Daktari wa koo aliniingizia kioo kidogo kinywani, akaona vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti. Akaniambia nyuzi za mwanamke hugongana kama mara 200 kwa sekunde anaposema, za mwanamume kama 100. Basi nihesabu mwenyewe kwa siku ya shule. Tangawizi hupita njia ya chakula, nyuzi haizigusi. Kunong'ona nako, nilikodhani ni kupumzika, huweza kuzichosha zaidi. Ninywe maji, nijifukize mvuke, ninyamaze wiki kadhaa.

Nikamwandikia kwenye karatasi: "Na darasa nimwachie nani?" Akacheka. Sikuwa natania.

Bahati, shule zilikuwa zimefungwa. Januari sauti ikarudi, ila kasida za juu sizifikii tena. Kama ni kunyamaza kulikoniponya au ni likizo tu, sijui. Darasa nililikuta vile vile, tena limeongezeka. Yule mtundu nilimhamishia dawati la mbele. Wenzangu walidhani namwadhibu.