Vitambaa vyangu na mto Kawa

Umeme ulikatika Jumanne, sare kumi na mbili za harusi zikiwa mezani hazijapigwa pasi. Nikawasha makaa huku nalalamika kama kila mtu wa Kadutu, mtaa wetu hapa Bukavu, Kongo: hawa watu wa umeme, hawa viongozi! Shemeji yangu, ambaye msimu ule alikuwa na kibarua cha kutoa taka kwenye bwawa la mto Ruzizi linalotupa umeme, alikuwa mlangoni anakula muhogo. Akaokota kipande cha bitana sakafuni, akakinyoosha.

“Shemeji, chupa hazitusumbui sana. Chupa inaelea, unaichota. Hiki kikilowa kinazama, kinaenda kunasa kwenye vyuma, pale maji yanapoingilia mashine. Hapo lazima mtu apige mbizi.”

Sikujibu. Miaka sita nimekuwa nikifagia vipande vyangu hadi kwenye mfereji wa nyuma ya nyumba. Mfereji unaingia Kawa, Kawa inaingia ziwani, na Ziwa Kivu lina njia moja tu ya kutokea: Ruzizi, hapahapa Bukavu. Taka za Goma, za Idjwi, za ng'ambo ya Rwanda, zikishikwa na mkondo zinatujia sisi. (Nilikuwa nimeshawatukana watu wa umeme mara tatu asubuhi ile.)

Huku milimani mvua ndiyo gari letu la taka. Ikianza tu, watu wanatoka na ndoo. Serikali ilipiga marufuku sasheti, hii mifuko ya plastiki, tangu Desemba 2017, lakini sokoni bado nafungiwa nyanya ndani yake. Vyoo navyo vingi vinamwagikia mferejini humohumo, na kule chini, mto unapokutana na ziwa, watoto wanachota maji kwa bidoni. Kipindupindu hakijawahi kutuhama.

Sasa vipande naviweka guniani. Fundi wa viti anavijazia mito. Hilo lilikuwa rahisi. Kilichonishinda ni pampasi. Nilimwomba jirani yangu, mama wa mapacha, asizitupe mferejini. Akaniuliza kwa upole, “Nizipeleke wapi, mama?” Mkokoteni wa taka unalipiwa, tena haupandi ngazi zetu. Nikabaki nimeshika ufagio.

Usiku wa kuamkia leo mvua imeanza saa tisa. Nimesikia mlango wake ukifunguliwa.