Jinsi nilivyoielewa leza inayopoza atomu

Fizikia ya atomu, molekuli na mwanga niliianza kama wengi wanavyoianza: atomu ya haidrojeni, namba za kwanta, kisha milinganyo kurasa kwa kurasa. Kuitatua niliweza. Lakini ungeniuliza leza, chombo cha kuchomea vyuma, inapozaje kitu, ningebaki kimya. Nikachagua atomu moja tu, rubidiamu-87, nikashika penseli.

Atomu hii hufyonza mwanga wa nanometa 780. Kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, inayofyonzwa huisukuma kidogo: hesabu ilinipa badiliko la milimita 6 hivi kwa sekunde. Kwenye halijoto ya chumba atomu yenyewe inakwenda kama mita 300 kwa sekunde. Joto la gesi ni mwendo wa atomu zake, kwa hiyo kuzipunguzia mwendo ndiko kuzipoza. Ukigawanya, zinatakiwa fotoni 50,000 kuisimamisha. Ni nyingi, ila atomu hukaa na fotoni nanosekunde 26 tu kisha huitema upande wowote, kwa hiyo misukumo ya kutema hufutana na ile ya kufyonza hujumlika. Nikapata kwamba atomu husimama ndani ya milisekunde 3 hivi, katika umbali usiofika nusu mita. Breki hiyo inashinda uvutano wa dunia zaidi ya mara 10,000, na ni mwanga mtupu!

Kinachobaki ni jinsi leza inavyosukuma atomu inayoijia tu, na hapo huingia athari ya Doppler: masafa ya mwanga, yaani mitetemo yake kwa sekunde, huonekana kupanda kwa anayekifuata chanzo na kushuka kwa anayekikimbia. Masafa ya leza hushushwa kidogo chini ya yale atomu inayoyafyonza. Atomu inayoijia leza huyapokea yamepanda, ikafyonza. Inayoikimbia haifyonzi sana. Miale sita, jozi tatu zinazotazamana, huizuia kila inakoelekea.

Kwa nadharia hiyo sodiamu haiwezi kushuka chini ya mikrokelvini 240, yaani sehemu 240 za milioni za digrii moja juu ya sifuri halisi. Mwaka 1988 kundi la William Phillips, Marekani, liliipima likakuta 43. Hapo ndipo somo liliponinasa, maana ni nadra jaribio kuipita nadharia kwa uzuri. Jean Dalibard na Claude Cohen-Tannoudji, Paris, na kundi la Steven Chu, Stanford, walieleza sababu: atomu halisi si ile ya viwango viwili vya nishati niliyoichora mimi. Kiwango chake cha chini kina vigawanyo, na polarisheni ya mwanga, yaani uelekeo wa mtetemo wake, inapobadilika toka mahali hadi mahali, huvipandisha na kuvishusha, atomu ikipoteza nishati kwa kupanda.

Nikafungua sura ya vigawanyo hivyo, ambayo awali niliiona majedwali matupu, nikavihesabu vya rubidiamu-87: vitatu katika kundi moja, vitano katika la pili.