Zaburi ya 88 imenishika mkono

Tangu mama atutoke, maombi yangu yamekuwa mafupi mno. Napiga magoti, nasema "Bwana," kisha maneno yanakauka. Wapendwa wananiambia nishukuru kwa kila jambo. Najua wananipenda, lakini kuna usiku ambao neno hilo linachoma.

Kilichonibeba ni Zaburi ya 88. Isomeni yote. Zaburi nyingi za maombolezo huanza kwa machozi na kuishia kwa sifa. Hii haifiki huko. Mstari wa 18, ambao ndio wa mwisho, unaishia gizani. Na bado imo kwenye Biblia! Aliyeumia hivyo alimwita Mungu "wa wokovu wangu" tangu mstari wa kwanza, akaendelea kumlilia mchana na usiku. Hakuacha kuzungumza naye. Kumbe kulia mbele za Mungu nako ni imani.

Halafu yupo nabii Eliya, 1 Wafalme 19, aliyeketi chini ya mretemu (kichaka cha jangwani) akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimwambia ainuke ale; akala, akanywa, akalala tena. Mungu alianza na mwili uliochoka (na hili hatulihubiri vya kutosha).

Kwa hiyo nakula hata nisipotamani, nalala, na nikikosa maneno namsomea Mungu zaburi. Jumapili nilishindwa kuimba, dada mmoja akanishika bega akaimba kwa ajili yetu sote wawili. Kama nawe uko gizani leo, niandikie nikuombee kwa jina.